Fuma, Fumua: Anni Albers Kati ya Uzi na Brashi

Kwenye kona ya chumba changu kuna picha imegeuziwa uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Ina miezi minne sasa. Ni picha ya soko la Njombe asubuhi ya Julai, ukungu bado haujaondoka. Nimeshamaliza mabanda, nimemaliza magunia ya viazi, nimemaliza hata mbwa aliyelala chini ya meza. Waliobaki ni watu. Kila nikishika brashi niwachore wale watu, mkono unagoma. Hauumi, wala sina haraka ya kwenda popote. Unagoma tu. Basi brashi naitumbukiza kwenye kopo, nachukua sindano na uzi, naendelea na sweta la mtoto wa dada yangu. Mimi naishi Dar es Salaam, jiji ambalo sweta ni kichekesho, lakini dada yuko kulekule nyumbani na baridi ya kule haina masihara.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kufuma ndiko kunakoniibia uchoraji. Nikajitungia ratiba: Jumatatu hadi Jumatano brashi, Alhamisi hadi Jumamosi uzi, Jumapili kupumzika. Ratiba ile ilidumu wiki moja na nusu. Siku za brashi nilikaa natazama ukuta, na siku za uzi nilifuma huku nikijilaumu kwamba sichori. Ukiniuliza nilipata nini, nitakwambia nilipata mgongo kuuma.

Katika kipindi hicho ndipo nilipoanza kusoma habari za Anni Albers, mfumaji wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1994 akiwa na miaka 94. Nilimwendea kwa sababu ya vitambaa vyake, ambavyo niliviona kwenye kitabu cha picha nikavipenda. Sikujua kama ningekuta humo mtu aliyeanza maisha na brashi mkononi, akaiacha kwa neno moja la mtu mwingine, na ikamchukua miaka zaidi ya arobaini kurudi kwenye kazi ya karatasi.

Kabla sijaendelea, ngoja niweke sawa jambo moja la lugha, maana litatuchanganya. Kiswahili kina ukarimu wa ajabu kwenye neno kufuma. Mama yangu akiwa na sindano yake moja yenye ndoano anatengeneza vitambaa vya makochi, anafuma. Mimi na sindano zangu mbili na sweta, nafuma. Mtu aliyekaa kwenye kitanda cha mfumi, akipitisha uzi wa mshindio katikati ya nyuzi za mtande, naye anafuma. Lugha nyingine zina maneno matatu kwa kazi hizo tatu. Anni Albers alikuwa mfumi wa aina hii ya tatu, wa mtande na mshindio. Kwa hiyo nikisema alifuma, usimwone bibi na mpira wa sufu mapajani. Mwone mwanamke mbele ya mtambo wa mbao, miguu ikikanyaga, mikono ikirusha.

Na neno lina watoto wake. Kuna mfumo, neno ambalo leo tumeliacha kwa wanasiasa na mafundi wa kompyuta, kumbe asili yake ni jinsi nyuzi zilivyoshikana kwenye nguo. Na kuna fumua. Hili ndilo nililolijua kwanza, kabla hata ya fuma. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa anafuma vitambaa vya kuuza, vile vya duara vilivyotandazwa kwenye kila sebule ya wakati ule, juu ya kochi, juu ya stuli, juu ya redio. Akigundua amekosea safu tano nyuma, havumilii. Anashika ncha ya uzi anavuta, na kazi ya jioni nzima inayeyuka mbele ya macho yangu. Mimi nalia. Yeye anacheka: "Unalilia nini we mtoto? Uzi si upo?"

Haya, twende Berlin.

Anni alizaliwa huko mwaka 1899, akiitwa Annelise Fleischmann. Kwao walikuwa na uwezo. Baba alikuwa kwenye biashara ya samani, mama alitoka kwenye ukoo wa Ullstein, wachapishaji wakubwa wa magazeti na vitabu. Msichana akaonyesha kupenda kuchora, wakamtafutia mwalimu nyumbani, baadaye akasoma chini ya mchoraji Martin Brandenburg. Mpaka hapo ni hadithi ya kawaida ya binti wa watu wenye nafasi.

Kisha akamchora mama yake. Picha ile aliipenda kiasi cha kuibeba mpaka Dresden, yeye na mama mwenyewe, wakamwonyeshe Oskar Kokoschka, mchoraji mkubwa wa Austria, ili awe mwanafunzi wake. Kokoschka akaitazama picha, akamuuliza binti kwa nini anachora. Swali lenyewe ndilo hilo. Hakumwonyesha kosa kwenye pua wala kwenye kivuli. Na Anni, kwa maelezo yake mwenyewe uzeeni, akatoka pale akiwa amemaliza habari ya kuwa mchoraji.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi na kila mara linanikera kwa namna tofauti. Kwanza nilimkasirikia Kokoschka. Baadaye nikamkasirikia Anni: dada, swali tu? Siku hizi nalihofia swali lenyewe, kwa sababu najua kwamba mtu wa nje akikuuliza kwa nini unachora, anakuumiza tu endapo wewe mwenyewe ulikuwa unajiuliza hilohilo usiku. Mimi pia niliwahi kuulizwa kitu cha aina hiyo, na mtu niliyemheshimu, mbele ya wenzangu. Sitamtaja. Nilijibu kwa kicheko, na nikakaa karibu mwaka mzima bila kugusa rangi. Huwa tunasema "sina wazo", au "sina muda". Wakati mwingine wazo lipo na muda upo, ila ndani kuna mtu ameketi mlangoni anauliza kwa nini.

Anni hakukaa nyumbani kuolewa kama familia ilivyotarajia. Alijaribu chuo kimoja cha sanaa za mikono huko Hamburg, akachoshwa haraka. Ndipo akasikia habari za shule mpya iliyofunguliwa mjini Weimar mwaka 1919, Bauhaus, iliyotaka kuvunja ukuta kati ya msanii na fundi. Aliomba nafasi, akakataliwa, akaomba tena, akakubaliwa mwaka 1922. Akahama kutoka nyumba yenye watumishi akaenda kupanga chumba kidogo.

Hapa ndipo historia inapokuwa na chumvi. Walter Gropius, mwanzilishi wa Bauhaus, alitangaza mwanzoni kabisa kwamba pale hakuna tofauti kati ya mwanamke na mwanaume. Wanawake wakamsikia, wakaja kwa wingi. Walipokuwa wengi, wakuu wa shule wakashtuka. Mwaka 1920 tu, mwaka mmoja baada ya lile tangazo, baraza la walimu lilikuwa limeshakubaliana kwamba wanawake wapelekwe moja kwa moja kwenye karakana ya ufumaji. Useremala, chuma, vioo, uchoraji wa kuta: humo njia ilikuwa nyembamba mno kwa mwanamke, ingawa wachache walipenya. Eti ukuta umevunjwa.

Anni alitaka karakana ya vioo. Huko alikuwepo kijana mmoja mwembamba aliyekuwa anaokota vipande vya chupa jalalani na kuvigeuza madirisha ya rangi, jina lake Josef Albers, ambaye wangeoana mwaka 1925. Mlango wa vioo haukufunguka. Akapelekwa kwenye uzi. Hakuupenda. Aliona ni kazi ya kike mno, kazi laini, na alisema wazi baadaye kwamba nyuzi zilimnasa bila ridhaa yake.

Wapo wanaosimulia sehemu hii kwa tabasamu: angalia, mlango ulifungwa, na nyuma ya mlango mwingine akakuta kipaji chake, Mungu ni mwema. Mimi sikubali kuishukuru Bauhaus kwa hilo. Hatujui Anni wa vioo angekuwa nani. Hatujui pia wale wanawake wengine waliopelekwa kwenye uzi, wakauchukia mpaka mwisho, wakarudi makwao. Kwamba mtu amepika vizuri kwa jiko la mkaa hakuwi sababu ya kumpongeza aliyemkatia umeme.

Lakini nikiri pia upande wa pili, maana ndio ulionisaidia mimi. Uzi ulimpa Anni kitu ambacho turubai jeupe halikuweza kumpa.

Fikiria turubai. Ni uwanja mtupu, hauna sheria. Kila alama ya kwanza ni uamuzi wako peke yako, na kila uamuzi unaweza kujibiwa na lile swali la Dresden. Sasa fikiria mtande. Nyuzi zimeshavutwa zimenyooka, zinatoka juu kwenda chini, huwezi kuzibishia. Mshindio utapita kushoto kwenda kulia, utake usitake. Pamba ina tabia zake, hariri ina zake, katani inakaza, sufu inavimba. Kabla hujaamua chochote, nusu ya maamuzi imeshafanywa. Hapo ndipo Anni alipopumua. Alikuja kuandika mara nyingi juu ya jambo hili, kwamba malighafi inakusemesha, na kwamba mipaka yake ni msaada. Kwa mtu aliyegomewa na mkono, malighafi yenye ukaidi wake yenyewe ni nafuu kubwa, kwa sababu mnakuwa wawili kwenye ubishi. Kwenye turubai unabishana na kivuli chako.

Na aliubishia uzi kisawasawa. Kwa diploma yake ya mwaka 1930 alitengeneza kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi katika shule ya chama cha wafanyakazi iliyojengwa Bernau, karibu na Berlin. Ukumbi ulikuwa na mwangwi. Anni akafuma kitambaa chenye nyuso mbili: nyuma uzi mnene wenye manyoya wa kumeza sauti, mbele selofani, yaani lile karatasi ang'avu kama la kufungia zawadi, la kurudisha mwanga. Pamba katikati inashikilia vyote. Huyu ndiye yule aliyeona uzi ni kazi laini.

Alifundishwa na Gunta Stölzl, mwanamke aliyeshika karakana ile akaifanya kuwa miongoni mwa sehemu chache za Bauhaus zilizoingiza hela. Na alimsikiliza Paul Klee, mchoraji, ambaye kuanzia mwaka 1927 aliwafundisha wafumaji habari za umbo na rangi. Anni alimwona kama mungu mdogo, ingawa alikiri kwamba darasani hakumwelewa sana; mzee alikuwa anaongea na ubao. Klee alipotimiza miaka 50 mwezi Desemba 1929, wafumaji walikodi ndege ndogo, wakamdondoshea zawadi kutoka angani juu ya nyumba yake, zimefungwa kwenye umbo la malaika. Hiki kisa hakina kazi kubwa kwenye hoja yangu. Nimekileta kwa sababu nakipenda, na kwa sababu kinaonyesha kwamba karakana ya "kazi ya kike" ndiyo iliyokuwa na watu wa kukodi ndege.

Mwaka 1933 Bauhaus ilifungwa kwa shinikizo la Wanazi. Anni alikuwa wa familia ya Kiyahudi. Mwezi Novemba mwaka huohuo yeye na Josef walifika Marekani, kwenye chuo kipya na maskini kiitwacho Black Mountain, milimani North Carolina. Josef alikuwa hajui Kiingereza. Anni ndiye aliyekuwa na lugha.

Kuna kitu alikifanya kule ambacho nimekibandika ukutani pangu, juu ya ile picha iliyoadhibiwa. Alikuwa na Josef wameanza safari za Mexico, walizirudia mara nyingi sana, na huko Monte Albán aliona vito vya kale vilivyochimbuliwa makaburini: dhahabu imechanganywa na vitu vya kawaida kabisa kama kome. Akarudi chuoni, na mwaka 1940 hivi, pamoja na mwanafunzi wake Alex Reed, wakaingia dukani kwenye vifaa vya nyumbani. Wakanunua kichujio cha sinki, vibanio vya karatasi, washa za chuma, pini za nywele. Wakatengeneza mikufu. Ule wa kichujio cha sinki, na vibanio vya karatasi vikining'inia kama shada, ukiutazama picha yake unaweza kuapa umetoka kwa malkia. Mimi nautazama kila asubuhi na kujiambia kwamba huyu mama siku hiyo hakuwa mfumaji wala mchoraji. Alikuwa mtu yuko dukani.

Wanafunzi wake naye hakuwaanzishia mtamboni. Aliwarudisha nyuma kabisa: jifanye uko Peru ya kale, huna chochote, huna hata kamba, anza. Wafumaji wa Peru aliwaita walimu wake wakubwa, na kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya ufumaji amewatunukia wao. Watu ambao, kwa kadiri tunavyojua, hawakuwa na maandishi kama haya yetu, wakaweka kwenye nguo yale ambayo wengine waliweka kwenye vitabu.

Mwaka 1949 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilimpa maonyesho yake peke yake. Hakuna mfumaji aliyewahi kupewa heshima hiyo pale kabla yake. Ungedhani mambo yameisha, mwanamke amefika, uzi umeshinda brashi.

Nataka nimvute kidogo mwanamke mwingine, kwa sababu nikibaki na Anni peke yake utadhani njia ni hiyo moja. Sonia Delaunay alizaliwa mwaka 1885 Ukraine, akalelewa na mjomba tajiri St. Petersburg, akaja Paris kuchora. Yeye hakuulizwa kwa nini. Alikuwa mchoraji, ameolewa na mchoraji, Robert Delaunay. Mwaka 1911 akamshonea mtoto wao mchanga blanketi la viraka, vipande vya rangi mbalimbali, kama alivyowaona wanawake wa vijijini kwao wakifanya. Alipomaliza yeye na marafiki wakalitazama: kumbe lile blanketi ndilo lililokuwa linafanya kile ambacho wachoraji wa Paris wakati ule walikuwa wanakihangaikia kwenye turubai. Rangi zimekaa pamoja, zinagongana, hakuna umbo la kitu chochote, na bado jicho halichoki. Leo blanketi hilo liko katika mkusanyo wa jumba la taifa la sanaa za kisasa huko Paris. Mtoto alilalia kazi ya makumbusho.

Kwa Sonia uzi haukuwa kimbilio. Ulikuwa mlango wa uchoraji wake. Halafu ukawa mshahara: mapinduzi ya Urusi ya 1917 yalikata kodi za nyumba zilizokuwa zinamlisha, na kuanzia hapo ni yeye, kwa mavazi na vitambaa alivyobuni Madrid kisha Paris, aliyeweka chakula mezani ili Robert aendelee kuchora. Miaka ya 1920 karibu yote aliitoa kwenye kitambaa. Alirudi kwenye picha kwa nguvu miaka ya 1930, akafiwa na Robert mwaka 1941, akaendelea kuchora karibu miaka arobaini mingine. Mwaka 1964 kazi zake zilionyeshwa Louvre akiwa hai, heshima ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake.

Watu hupenda kusema Sonia "aliweza kuoanisha" vyote viwili. Mimi nikitazama tarehe sioni muoano. Naona miaka ya kitambaa na miaka ya rangi, na katikati yake njaa, vita, mtoto, mume. Hakukuwa na Jumatatu za brashi na Alhamisi za uzi. Nilipoligundua hilo niliichana ratiba yangu, kwa furaha kidogo.

Turudi kwa Anni, kwenye sehemu ambayo hata wanaompenda huipita mbio.

Mwaka 1947, akiwa bado mfumaji kamili, alichora vipicha vidogo vya rangi ya maji. Vilivyochorwa humo ni mafundo: uzi umejiviringa, umejipindapinda, unaingia chini ya mwenzake unatokea juu, hauna mwanzo wala mwisho. Mtandeni uzi hauruhusiwi kufanya hivyo, lazima unyooke. Kwenye karatasi akauacha utembee. Navitazama vile vipicha na naona mkono uliogoma kwa robo karne ukijaribu kunyoosha vidole, taratibu, mahali ambapo hakuna mtu wa kuuliza swali.

Mwaka 1963 Josef alialikwa Los Angeles kwenye karakana ya uchapaji picha iitwayo Tamarind. Anni alikwenda kama mke, wa kukaa pembeni. Mkuu wa karakana, June Wayne, akamwambia kwa nini usijaribu na wewe. Akajaribu. Mwaka uliofuata akarudi Tamarind akatoa mfululizo wa picha, na ndani yake ni yale mafundo tena, mistari inayozungukana kwenye ukungu wa kijivu. Alikuwa na miaka 65.

Hakuacha uzi siku hiyohiyo. Katikati ya miaka ya 1960 alifuma kazi ambayo mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote, paneli sita ndefu nyembamba alizoombwa na jumba la makumbusho la Kiyahudi la New York, kuwakumbuka Wayahudi milioni sita waliouawa. Nyeusi, nyeupe, kahawia, na uzi wa fedha unaotangatanga juu yake kama mwandiko usiosomeka. Baada ya kazi hiyo ungemtarajia aendelee hivyo mpaka afe. Kufikia 1970 hivi alikuwa ameshakitoa kitanda chake cha kufumia kwa mtu mwingine. Akafanya picha za kuchapa tu, zaidi ya miaka kumi na zaidi.

Sababu zilikuwepo. Miguu yake ilikuwa dhaifu tangu zamani, na mtambo ni kazi ya mwili. Lakini alisema na nyingine, bila kupepesa: kwamba kazi ikiwa ya nyuzi watu wanaiita kazi ya mikono, ikiwa juu ya karatasi wanaiita sanaa. Mwanamke aliyepewa maonyesho MoMA, aliyeandika vitabu, bado anajua kwamba mlangoni ataulizwa amebeba nini. Inauma kusoma. Sijui tumlaumu nani kwa kuondoka kwake mtamboni, mwili, dunia, au hamu tu ya kufanya kitu kingine, na nadhani alikuwa na haki ya kuwa na sababu zote tatu kwa mpigo.

Ninachokiona ni kwamba mgomo wake wa mwanzo haukuisha kwa kupigwa vita. Hakurudi Dresden kumjibu Kokoschka. Alikaa kwenye kazi nyingine mpaka kazi ile ikamfundisha mstari, na ule mstari ndio uliomrudisha kwenye karatasi, akiwa na kitu mkononi ambacho binti wa Berlin hakuwa nacho. Ila tusijidanganye: ilichukua miaka arobaini na kitu, na hakuna aliyemhakikishia kwamba mwisho wake utakuwa hivyo. Siku aliyokuwa anapitisha mshindio wa kwanza akiwa amenuna, alikuwa mtu aliyeshindwa kuchora, basi.

Wiki iliyopita nilimpigia mama simu nikamsimulia haya, kwa kifupi, maana salio lilikuwa linakwisha. Alinisikiliza mpaka kwenye lile swali la Kokoschka, akanikatisha.

"Sasa na yeye si angemjibu tu, nachora kwa sababu napenda?"

"Mama, si rahisi hivyo."

"Ni rahisi. Ninyi mliosoma ndio mnaona vigumu." Akanyamaza kidogo. "Na sweta la mtoto limefika wapi?"

Nikamwambia limebaki mikono. Akaniambia nisijisumbue na mikono, mtoto ameshanenepa, halimwingii tena, nilifumue nianze upya na kubwa zaidi.

Jioni ile nilikaa sakafuni nikavuta ncha. Sweta lilitoka lote, safu kwa safu, uzi ukajaa sakafu nzima umekunjamana kama tambi, kwa sababu sufu iliyokaa kwenye fundo haisahau haraka. Inabidi uiloweke na kuitundika na kitu kizito ndipo inyooke. Nimeiloweka kwenye ndoo bafuni. Nikiwa nasubiri ikauke niligeuza ile picha ya soko itazame chumbani. Watu bado hawapo. Nimemchora mmoja tu, kwa penseli, hana uso, amevaa sweta.